Mtoto Wangu wa Kwenye Bima

"Mrudishe mwanangu!"

"Nimrudishe kutoka wapi, Mama Zaheer? Si huyo hapo nyuma yako, kashika mfuko wa vitunguu?"

"Usinifanyie mzaha, Genoveva! Nimesema mrudishe!"

Akaupiga mlango wangu kofi, na mlango wenyewe ulikuwa wazi, mimi mwenyewe nimesimama hapo hapo na kanga kiunoni. Milango mingine ya ghorofa yetu ya kumi na moja ikaanza kufunguka. Jengo letu hili, ukianguka ngazini ukavunjika mguu hatoki mtu. Lakini piga kelele zenye umbea ndani yake, utajua tunaishi wangapi.

Mumbi, yule Mkenya wa mwisho wa korido, akatoka mzima mzima na fagio lake.

"Kwani nani ameiba mtoto wa nani?"

"Huyu!" Rozmin, ndiye huyo Mama Zaheer, akaninyooshea kidole mpaka puani. "Kamchukua Zaheer wangu kamwandikisha nyumbani kwake. Kwenye bima ya gari! Mimi nampigia Alnasir kumuuliza tu, ile faini ya mwendo kasi aliyopigwa huyu mtoto itatupandishia bima yetu? Ananijibu, 'Ondoa wasiwasi, mama, Zaheer si wa nyumba yenu tena, ni wa nyumba ya Mama Fortunata.' Wa nyumba ya huyu Mama Fortunata! Nimetapika miezi tisa, nikapasuliwa tumbo, leo naambiwa na mtu wa bima kwamba mwanangu kahama!"

"Mama, twende ndani," Zaheer akasema kwa Kiingereza.

Yule mtoto Kiswahili anakielewa chote, mpaka matusi ya Mwanza anayotukana mama yake akiunguza chapati. Ila mdomo wake umezoea Kiingereza. Mrefu kama mlango, lakini siku ile alikuwa amejikunja nyuma ya mama yake anatazama vitunguu.

"Siendi ndani! Huyu aniambie kwanza mwanangu kahamia kwake lini!"

Na mimi, ndugu msomaji, mimi ambaye mtaa mzima wa Etobicoke unanijua kwa mdomo, nikajifanya nakaza kanga.

Kama gazeti la Jumamosi iliyopita lilifungiwa vitumbua kabla hujanifikia, nakukumbusha kwa ufupi. Mimi ni Genoveva, mtoto wa Moshi mjini, mkazi wa Toronto. Nyumba yangu ilikuwa kama stendi. Kila Mtanzania aliyetua na sanduku lake alilala kwangu kwanza: sebuleni magodoro, koridoni magodoro, kuna kijana mmoja wa Singida alilala wiki mbili ndani ya kabati la makoti na hakulalamika. Kisha mmoja mmoja wakapata kazi, wakapata wake, wakanunua nyumba Brampton, wengine Oshawa. Mwanangu Fortunata naye akaenda Calgary. Nikabaki na magodoro.

Na gari. Corolla langu la rangi ya fedha ndilo lililobaki kuniletea watu. Anayetaka kwenda uwanja wa ndege, ananipigia. Anayetaka kwenda Misa ya Kiswahili, ananipigia. Wanakuja, wanacheka, wanakunywa chai, wanashuka.

Wiki iliyopita nikawaambia jinsi Zaheer, kijana wa mlango unaotazamana na wangu, alivyokamatwa na trafiki akikimbiza gari hilo hilo, na jinsi bima yangu ilivyopanda karibu mara mbili hata nikaanza kufikiria kuliuza. Nikawaacha hapo mkinionea huruma.

Msinionee huruma bado. Kuna kitu nilikiruka.

Niliruka jinsi mtoto wa watu alivyoingia kwenye bima yangu.

Ilikuwa majira ya kuchipua, theluji inayeyuka, muda wa kukata bima upya umefika. Alnasir akanipigia. Huyu Alnasir ni wakala wa bima, nusu ya jengo letu tuko kwake, kwa sababu baba yake alikuwa na duka Arusha na yeye mwenyewe anajua kusema "shikamoo" kwenye simu. Akaniuliza maswali yake ya kila mwaka. Gari ni lile lile? Ni lile lile. Umegonga mtu? Sijagonga. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza saa:

"Na nani anaishi nawe sasa hivi, mama, mwenye leseni?"

Miaka yote swali lile nililipenda. Nilikuwa namtajia watu mpaka ananiomba nipumzike aandike. Mwaka ule nikafungua mdomo, nikatazama sebule, nikaona viti.

Ingekuwa rahisi. Neno moja tu, "Hakuna." Lakini neno lenyewe likakataa kutoka, nikamsikia mtu anajibu kwa sauti yangu:

"Zaheer. Kijana wangu."

"Zaheer wa Anverali? Kahamia kwako?"

"Vijana wa siku hizi, unawajua," nikasema.

"Nawajua," akasema Alnasir, akaandika. Akanionya kwamba kijana mwenye leseni changa atanipandishia bima kidogo. Nikamwambia ipande tu. Halafu akanisomea, na hapa ndipo ninapoona aibu, akanisomea, "Basi, nyumba ya watu wawili, wewe na Zaheer," nikamwambia arudie, eti simu inakatika katika.

Haikuwa inakatika.

Zaheer mwenyewe alijua nusu. Alijua nimemwingiza kwenye gari, na alifurahi maana baba yake, Anverali, alikuwa amekataa katakata kumkatia bima. Kwa hiyo akaficha kwao. Kwamba nimemwandika anaishi kwangu, hilo hakulijua. Yeye alichojua ni kwamba Anti Veva anapika, na nyama ananunua halali kwenye plaza kwa ajili yake, na mama yake yuko zamu ya jioni dukani kwao. Alikuwa anakuja, anakula, ananioshea vyombo, ananisimulia habari za chuo. Anavuka korido, anakwenda kulala kwao.

Sasa turudi koridoni, Rozmin bado ananisubiri.

"Nasubiri!" akasema. "Kahamia lini?"

"Hajahama, Mama Zaheer. Ni makosa ya maandishi."

"Maandishi yalijiandika?"

"Na wewe," Mumbi akaingilia, anamtazama Zaheer, "hiyo speed yote ulikuwa unaenda wapi? Si ulikuwa umetoka tu kumdrop dada yangu airport?"

Namshukuru Mungu kwa majirani wengi, lakini siku ile ningemfunga Mumbi mdomo kwa fagio lake.

Rozmin akageuka. "Enhe! Hata mimi sijajibiwa hilo. Ndege ilishaondoka na mtu wake. Gari tupu. Ulikuwa unakimbilia wapi?"

Zaheer akaniangalia.

Akaniangalia kidogo tu, kama mtu anayepepesa. Kisha akarudi kwenye vitunguu vyake.

"Nilikuwa nimechelewa," akasema kwa Kiingereza.

"Umechelewa nini?"

"Nimechelewa tu, mama."

Nikashika fremu ya mlango. Maana nilijua alikuwa anakimbilia wapi. Tulijua wawili tu, yeye na mimi.

Alikuwa anakimbilia kwangu.

Siku ya ile faini ilikuwa Jumapili ya Misa ya Kiswahili. Kila baada ya Misa ile watu walikuwa wanakuja kwangu kula, imekuwa hivyo tangu tukiwa na padri yule mnene. Sikuuliza mtu. Nilipika pilau sufuria ile kubwa, nikakata kachumbari, nikapanga sahani. Kwa kuwa nilikuwa jikoni, nikampa Zaheer gari ampeleke dada yake Mumbi uwanja wa ndege. Nikakaa kusubiri kengele.

Kengele haikulia. Mwisho nikampigia mmoja wao. Nikasikia muziki nyuma yake, watoto, vigelegele.

"Aa, Mama Fortunata! Tuko Brampton, kipaimara cha mtoto wa Shirima. Kwani wewe hukuambiwa?"

"Niliambiwa," nikasema. "Nilisahau tu. Wasalimie."

Nikakata simu. Pilau inanukia nyumba nzima, mdalasini mpaka chumbani. Nikazunguka ile meza. Nikampigia Zaheer.

Ningeweza kumwambia, njoo ule. Angekuja, huyu mtoto hajawahi kukataa pilau. Lakini angekuja taratibu, angepitia kujaza mafuta, angewapitia wenzake. Mimi nilitaka aje sasa hivi. Nilitaka mtu anijie mbio.

Nikamwambia, "Zaheer, mwanangu, sijisikii vizuri. Kifua kinanibana."

"Nakuja, Anti," akasema, na simu ikakatika.

Alipofungua mlango alikuwa anahema kama amepanda ngazi zote kwa miguu. Akanikuta nimekaa mezani, nimejipaka mafuta, sahani mbili zimepakuliwa.

Akazitazama zile sahani. Akatazama sufuria. Akatazama viti vitupu vyote. Akanawa, akakaa, akala sahani mbili zimejaa. Ni wakati wa kuosha vyombo tu, amenipa mgongo, ndipo aliponiambia, "Anti, polisi wamenisimamisha. Nilikuwa nakwenda kasi sana."

Nikamuuliza kama alimwambia polisi kwamba anamkimbilia mgonjwa.

"Hapana," akasema. "Si huumwi."

Wiki iliyopita nilipowasimulia ile faini hilo sikuwaambia. Sasa mnalo.

Basi, koridoni, Rozmin alipoona mwanawe hajibu, akatoa simu yake.

"Naweka spika," akatutangazia. "Wote msikie. Sitaki baadaye aseme nimemsingizia."

Alnasir akapokea. Nyuma yake palikuwa na makelele ya ofisi.

"Alnasir! Mtoe mwanangu kwenye bima ya huyu mama. Sasa hivi, nikisikia."

"Mama Zaheer, shikamoo. Kumtoa si tatizo. Kijana anaishi wapi?"

"Kwangu! Kitanda chake kiko kwangu, soksi zake chafu ziko kwangu, nazifua mimi!"

"Vizuri. Basi namtoa kwa Mama Fortunata, namwingiza kwenu."

Rozmin akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Umwingize kwetu kufanya nini?"

"Ndiyo taratibu, mama. Kila mwenye leseni anayeishi kwenye nyumba, kampuni lazima imjue. Na faini yake atakuja nayo."

"Faini kapigiwa kwenye gari la huyu!"

"Gari halina kosa. Faini imekaa kwenye leseni ya kijana. Akiishi kwa Mama Fortunata inampandishia Mama Fortunata. Akiishi kwenu inawapandishia ninyi."

"Kwa kiasi gani?"

Alnasir akataja. Mimi siitaji hapa, nitawaharibia siku. Ila Mumbi aliachia fagio likaanguka.

"Au," Alnasir akaendelea, "Baba Zaheer atie sahihi kwamba kijana hatagusa usukani wa gari lenu kabisa. Hapo haitapanda."

"Atie sahihi! Na nani atakuwa anaendesha alfajiri kufuata mzigo wa duka, Anverali na macho yale?"

Alipomaliza kusema akajiziba mdomo kwa mkono. Kumbe Zaheer alikuwa anaendesha gari la baba yake siku zote, na kampuni haina habari.

Kisha Alnasir akakohoa.

"Mama Zaheer, hapa ofisini kuna kelele sana. Hilo la mwisho sikulisikia. Usilirudie."

Rozmin akaifunika simu kwa kiganja. Akanitazama. Nikaona uso wake unabadilika taratibu, kama mtu anayebadilisha kituo cha redio. Aliponiita tena, sikuwa Genoveva.

"Dada Veva," akasema kwa sauti ya chini. "Dada yangu. Kwani si kweli anakula kwako kila siku?"

"Anakula."

"Vitabu vyake vingine si viko kwako?"

"Viwili vitatu."

"Basi! Hata kuhama si lazima mtu abebe kitanda. Mwache abaki kwako. Kwenye karatasi tu. Mimi na Anverali tutakusaidia kidogo kidogo kila mwezi, hatutakuacha peke yako."

"Haiya!" Mumbi akapiga makofi. "Si saa hii ulikuwa unataka arudishwe?"

"Wewe fagia!"

"Mama Fortunata?" Sauti ya Alnasir ikatoka katikati ya vidole vya Rozmin. "Uko hapo? Bima ni yako, kwa hiyo nataka nikusikie wewe mwenyewe. Zaheer anaishi kwako au haishi kwako?"

Rozmin akaniletea simu mpaka mdomoni. Akawa ananitikisia kichwa: ndiyo, ndiyo, sema ndiyo.

Jamani. Ni mara ngapi mtu anapewa mtoto na mama yake mzazi, mbele ya mashahidi? Miezi yote nilimwiba kwa siri, sasa nabembelezwa nimchukue. Neno moja tu. Bima ile nisingeiweza, hiyo naijua, gari lingeuzwa kabla ya Krismasi. Lakini mahali fulani kwenye kompyuta ya Alnasir ingebaki imeandikwa, nyumba ya watu wawili.

Na nikisema hapana? Namtwika Rozmin mzigo nilioutengeneza mimi. Atanifungia mlango. Zaheer hatavuka tena ile korido kuja kula, mama gani angemruhusu? Nitabaki na gari na sina wa kumpakia.

Nikamtazama Zaheer. Naye kwa mara ya kwanza siku ile akaninyanyulia uso, akasema kwa Kiswahili, kile Kiswahili chake kinachokwenda kikijikwaa:

"Anti, sema tu unataka. Mimi sitasema kitu."

Alidhani naogopa atatoa siri ya ile simu ya Jumapili. Alikuwa ananihakikishia. Mtoto wa miaka kumi na tisa, kapigwa faini kwa uongo wangu, kavuliwa nguo koridoni na mama yake, na bado anachoshughulikia ni mimi nisiaibike.

"Haishi kwangu, Alnasir," nikasema.

Rozmin akaacha kutikisa kichwa.

"Hajawahi kuishi kwangu. Kwangu haishi mtu. Naishi peke yangu."

Koridoni pale pote pakawa kimya, na mimi kimya nakichukia kuliko baridi.

"Sasa, mama," Alnasir akasema taratibu, "mbona uliniambia..."

"Uliniuliza nani anaishi nami. Niliona haya."

Alnasir akavuta pumzi.

"Itabidi niwaeleze kampuni, Mama Fortunata. Sina njia. Ulitoa habari isiyo ya kweli, wanaweza kukusamehe, wanaweza kuifuta bima yako yote, na ikifutwa kupata nyingine ni kazi. Gari lisitoke kwenye maegesho mpaka nikupigie. Umenisikia? Hata dukani."

"Nimesikia."

"Na Mama Zaheer, mwambie mzee anipigie leo."

Rozmin akakata simu. Hakupiga kelele tena, na afadhali angepiga.

"Umetumaliza," akasema.

Akamshika Zaheer mkono wa shati, akamvuta. Ule mfuko ukachanika, vitunguu vikatawanyika. Zaheer akainama kuviokota, mama yake akamvuta tena, mlango wao ukafungwa. Nikasikia komeo.

Mumbi akaokota fagio. Akaja akanishika bega.

"Pole, sis. Pole sana." Akatazama fagio lake. "Sasa Jumapili mimi nitaenda church na nini?"

"Basi lipo, Mumbi."

"Hilo basi la kusubiri mpaka ugande?"

Akaondoka anatikisa kichwa. Milango mingine ikajifunga. Palibaki mimi, na kitunguu kimoja kilichokuwa kimeviringika mpaka kwenye mkeka wangu.

Nikakiokota, nikaingia nacho ndani.

Nilimpigia Fortunata. "Mama niko kazini, nikupigie baadaye?" Nikamwambia nipigie tu, mwanangu, hakuna jambo. Nikawasha televisheni, nikaizima. Nikafungua friji. Nikatoa nyama, halali, niliyokuwa nimeiweka iyeyuke tangu asubuhi, nikakaa nayo mezani kama mgeni tusiyezoeana. Nipike ya nini? Nikairudisha.

Dirishani chini kuna maegesho. Corolla langu nikaliona, theluji ya kwanza imeanza kulishika kioo. Siku nyingine ningeshuka kulipangusa. Nikakumbuka halina pa kwenda.

Kile kitunguu nilikuwa bado nacho mkononi. Nikafikiri, nimpelekee. Nikasimama mlangoni mwangu nikasikiliza upande wa pili. Sauti ya Anverali, amesharudi. Sauti ya Rozmin juu yake. Kisha sauti ya Zaheer, ndefu, na wote wawili wamenyamaza wanamsikiliza. Sikupata hata neno moja, na nilijaribu, sikio nimelibandika.

Nikarudi kukaa. Umbea wote nilionao, nikaogopa kusikia.

Mara pakabishwa hodi.

Nilipofungua alikuwa Anverali mwenyewe. Mtu huyu, miaka tisa mlango kwa mlango, tumesalimiana kwenye lifti tu. Huwa namwona Ijumaa jioni kavaa koti lake la kwenda jamatkhana, nyumba yao ya sala, anainamisha kichwa, "Habari, mama," basi. Nilikuwa nasema huyu bwana ana maringo. Alisimama amevaa kandambili, miwani mikubwa, anapepesa kunitafuta nilipo ingawa nilikuwa mbele yake. Macho yale, kweli, hayakuwa ya kuendesha alfajiri.

"Mama Fortunata."

"Baba Zaheer. Kama ni habari ya bima, naomba unisamehe, mimi..."

"Sikuja kwa bima. Alnasir nimeshaongea naye."

"Amesema nini?"

Akageuza kichwa kutazama mlango wake, ulikuwa wazi nyuma yake.

"Kijana amekataa kukaa mezani," akasema. "Mama yake kamuuliza tena, siku ile alikuwa anakimbilia wapi. Anasema atatuambia. Lakini si mpaka uwepo. Anasema bila wewe hasemi wala hali chakula."

"Hajawaambia?"

"Kuna nini cha kuambiwa?" Anverali akaniuliza, akanisogezea ile miwani yake karibu.

Juu ya bega lake nilikuwa naona ndani kwao. Zulia la kijani. Saa kubwa ukutani. Sikuwa nimewahi kuvuka kizingiti kile, kwa sababu katika jengo hili anayeita watu ni mimi, miaka yote ni mimi. Hata sikumbuki mara ya mwisho kuitwa ilikuwa nyumba ya nani.

Meza ilikuwa imepangwa. Rozmin alikuwa amenipa mgongo, anapakua, mwiko unagonga sahani kwa hasira. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zaheer alikuwa amesimama nyuma ya kiti kitupu, amekishika kwa mikono miwili kama mtu atakayenyang'anywa, ananitazama.

Rozmin akapakua sahani ya nne. Hakugeuka.

"Mwambie aingie, wali unapoa," akasema. "Na aje na kitunguu changu."